Futi, inchi, mita: mwongozo kamili wa vipimo kwa anayejenga, usipigwe dukani na usibomoe ulichojenga

Ukienda saiti yoyote ya ujenzi hapa Tanzania, iwe Kibaha, Arusha au Mwanza, utakuta lugha mbili za vipimo zinaongelewa kwa pamoja na hakuna anayeshangaa. Ramani imeandikwa milimita, fundi anaongea futi, mbao inaitwa mbili kwa nne, nondo ni milimita 12 ila mzee wa dukani anaiita nusu inchi, bati lina geji, tailizi zinauzwa kwa skwea mita, kiwanja kilipimwa kwa hatua na hati imeandikwa hekta. Tumezoea hivyo na kazi zinaenda. Shida inaanza pale mtu mmoja anapobadilisha kipimo kichwani mwake bila kumwambia mwenzake.

Mimi ilinikuta kwenye madirisha. Ramani ilisema 1500 kwa 1500, fundi wa tofali akaacha tundu la mita moja na nusu kamili kama ramani inavyotaka, halafu mimi nikampigia simu mchomeleaji nikamwambia nitengenezee grili za tano kwa tano, maana ndivyo wote tunavyoongea. Futi tano ni milimita 1524. Zikaja grili sita, zote zimezidi tundu kwa milimita 24, na plasta imeshapigwa. Mchomeleaji hakukosea, aliambiwa tano kwa tano akatengeneza tano kwa tano. Tukachonga kingo za madirisha yote sita na kupiga plasta upya. Tangu hapo nikaanza kuandika kila kitu, na haya ninayoweka hapa ni yale ambayo ningependa mtu angenipa kabla sijanunua tofali la kwanza.

Jambo moja kubwa la kushika kabla hatujaanza: dukani inchi ni jina, kwenye tepu inchi ni kipimo. Nusu inchi ya bomba ukiipima hupati nusu inchi popote. Mbili kwa nne ukiiwekea tepu unaweza usipate mbili wala nne. Ukilielewa hilo mengi yanajinyoosha.

1. Namba za kukariri

Ni chache tu, ziandike nyuma ya kava la simu au kwenye mlango wa stoo:

Inchi 1 = milimita 25.4 (kamili kabisa, haina mkia)
Futi 1 = inchi 12 = sentimita 30.48
Mita 1 = futi 3.28
Skwea mita 1 = skwea futi 10.76
Eka 1 = skwea mita 4,047
Hekta 1 = skwea mita 10,000 = eka 2.47

Hiyo 25.4 haikuwa hivyo siku zote. Inchi ya Mwingereza na ya Mmarekani zilikuwa zinatofautiana kidogo sana mpaka 1959 nchi zinazotumia futi zilipokubaliana yadi moja iwe mita 0.9144, basi inchi ikatulia kwenye 25.4. Kwa hiyo leo inchi ya tepu ya Mchina, ya Mmarekani na ya Mwingereza ni ileile.

Na kama unajiuliza kwa nini sisi tumechanganya hivi, angalia reli. Reli ya kati aliyojenga Mjerumani, iliyofika Kigoma 1914, upana wake ni mita moja kamili. Akaja Mwingereza na futi zake na eka zake. Leo SGR inapita jirani na ile ya zamani, upana wake milimita 1435, namba ambayo haina mantiki yoyote mpaka uibadilishe uone ni futi 4 na inchi 8 na nusu, kipimo kilichotoka Uingereza. Na kabla ya wote hao watu wa pwani walikuwa na shubiri, mkono, wari na pima, wari moja mikono miwili, pima moja mikono minne, yaani wari inakaribia sana yadi moja na pima futi sita. Kwa hiyo futi haikuwa ngeni sana kwa babu zetu, mita ndo ngeni.

2. Jifunze kusoma tepu mwenyewe

Tepu, ambayo mafundi wengi wanaiita "futi" hata kama ina mita, ina pande mbili, juu inchi na chini sentimita au kinyume chake. Upande wa sentimita ni rahisi, kila kamstari kadogo ni milimita moja. Upande wa inchi ndo unachanganya kwa sababu inchi haijagawanywa kwa kumi, imegawanywa kwa nusu, robo, thumuni (moja ya nane) na mara nyingi moja ya kumi na sita. Mstari mrefu katikati ni nusu, unaofuata kwa urefu ni robo, unaofuata ni thumuni. Thumuni moja ni kama milimita 3.2.

Vitu viwili ambavyo watu hawaambiwi. Kwanza, kile kichuma cha mbele kinacheza kidogo na wengi wanadhani tepu imeharibika. Hapana, kimefanywa hivyo makusudi, kinacheza kiasi cha unene wake chenyewe, ili ukikivuta kwenye ukingo wa mbao au ukikisukuma ukutani upate kipimo kilekile. Usikigonge na nyundo ili kikaze! Pili, tepu nyingi zina alama nyekundu kila inchi 16 na vialmasi vyeusi kila inchi 19.2, hizo ni za Wamarekani wanaojenga kuta za mbao, hazihusiani na futi. Nimeona kijana anahesabu zile nyekundu kama futi, na hapo kwa kila "futi" amezidisha inchi nne. Futi inaishia inchi 12, 24, 36, 48, 60, basi.

Chagua upande mmoja na saiti nzima itumie huo. Ushauri wangu ni milimita, sio kwa sababu futi ni mbaya, ila ramani iko kwenye milimita na namba za milimita hazina nukta wala sehemu, mtu akikosea unaona haraka. 3600 ni 3600.

3. Mtego wa nukta

Hapa ndo pabaya kuliko pote kwa hiyo nitakaa kidogo.

Futi 5 na inchi 6 sio 5.6. Ni 5.5, kwa sababu inchi 6 ni nusu ya futi. Kwenye karatasi au WhatsApp mtu anaandika "5.6" akimaanisha futi tano inchi sita, mwingine anaiingiza kwenye kalkuleta hivyohivyo, na mambo yanaharibika kimyakimya bila mtu kujua. Ukitaka kuandika futi na inchi tumia alama zake, tiki moja ni futi na tiki mbili ni inchi: 5'6". Hizo alama utazikuta pia kwenye ramani ambazo ndugu zetu walioko Marekani wanatuma nyumbani, na ramani hizo zina mambo yake, nitarudi huko.

Chukua chumba cha 10'6" kwa 12'9". Mtu mwenye haraka anapiga 10.6 mara 12.9 anapata skwea futi 136.7. Njia sahihi: inchi 6 gawa kwa 12 ni 0.5, inchi 9 gawa kwa 12 ni 0.75, kwa hiyo 10.5 mara 12.75 ni skwea futi 133.9. Gawa kwa 10.76 unapata skwea mita 12.44. Tofauti ya skwea futi tatu inaonekana ndogo, ila zidisha kwa vyumba vyote, kwa tailizi, kwa jipsamu na kwa rangi.

Njia salama zaidi ambayo mimi ndo natumia, geuza kila kitu kuwa inchi tupu kwanza. Futi 11 na inchi 9 ni 11 mara 12 jumlisha 9, unapata inchi 141, mara 25.4 ni milimita 3581. Kinyume chake, una milimita 3600, gawa kwa 25.4 ni inchi 141.7, toa futi 11 ambazo ni inchi 132, inabaki inchi 9.7, yaani futi 11 na inchi 9 na kama robo tatu.

4. Ramani ya milimita, fundi wa futi

Sasa angalia hiyo 3600. Fundi akiiona anasema "hiyo ni futi 12". Sio kweli, futi 12 ni 3658. Milimita 58 zimeongezeka, zaidi ya inchi mbili, na kwa chumba kimoja hakuna atakayegundua. Lakini nyumba yenye vyumba vitatu mfululizo inarefuka kwa sentimita 17, na sasa slabu inakuwa kubwa, kenchi ulizoagiza zikatwe kwa ramani hazifiki, bati zinapungua kipande, na kama kiwanja kina mpaka wa karibu umeshajisogeza kwa jirani. Na fundi mwingine anakata kwa chini, 3600 anaifanya futi 11 na nusu, hapo chumba kimepungua sentimita 9 na kitanda na kabati vikianza kugombana utasikia.

Cha kufanya: siku ya kuseti jengo uwepo mwenyewe, na vipimo vyote visomwe kutoka kwenye ramani moja kwa moja, bila mtu kutafsiri. Ukilazimika kutafsiri, tafsiri mara moja tu, na kutoka kwenye namba ya asili, usitafsiri kilichotafsiriwa. Pima jengo zima kwa urefu mmoja kutoka kona ya kwanza, usiunge chumba kwa chumba, maana makosa madogo yanajumlishana.

Kona zikaguliwe kwa 3-4-5, pima 3 ukuta mmoja, 4 ukuta wa pili, na mshazari kati yake uwe 5, hii haijali unatumia nini, iwe futi 3, 4 na 5 au sentimita 60, 80 na 100 kona inatoka mraba. Kisha vuta kamba ya mshazari kona hadi kona, pande zote mbili, zilingane. Jengo la mita 9 kwa 12 mshazari wake ni mita 15 kamili.

Na kumbuka plasta. Vipimo vya kuta kwenye ramani mara nyingi ni vya tofali tupu, plasta ya milimita 15 kila upande inakula sentimita 3 kwenye chumba. Anayetengeneza kabati la ukutani au jiko apime baada ya plasta, asikubali kupewa namba kwa simu. Milango vilevile: mlango wa futi 3 kwa 7 ni milimita 914 kwa 2134, wakati ramani nyingi zinasema 900 kwa 2100. Ile ya chuma ya Kichina ina vipimo vyake tena, mingi ni sentimita 86 au 96 kwa 205. Nunua mlango kwanza au angalau uupime dukani, ndo uache tundu.

5. Kiwanja na shamba, hapa hela nyingi ndo zinapotea

Sisi tunasema "heka" tukimaanisha eka. Shida heka na hekta zinafanana mdomoni, na hekta ni karibu eka mbili na nusu. Ukisikia "heka tano" uliza, uandikiwe kwa skwea mita. Eka tano ni skwea mita 20,234, hekta tano ni 50,000. Kwenye karatasi ya mauziano usikubali neno heka peke yake.

Halafu kuna eka ya "hatua 70 kwa 70". Watu wengi wanaicheka ila asili yake ni nzuri: hatua ndefu ya mtu mzima ikikaribia yadi moja, 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na eka ni 4,840. Kwa hiyo waliotuachia hicho kipimo walijua wanachofanya. Lakini inategemea hatua ya nani! Mwenye shamba akitembea hatua za kawaida za sentimita 75, sabini zake ni mita 52.5, mara yenyewe unapata skwea mita 2,756, ambayo ni kama asilimia 68 ya eka. Umelipa eka umepewa theluthi mbili. Na ikisemwa "mita 70 kwa 70" basi ni skwea mita 4,900, eka 1.21, sasa muuzaji ndo anapoteza. Eka ya mraba ukiipima kwa tepu ni mita 63.6 kwa 63.6, beba futi kamba ya mita 50 na uipime.

Viwanja vya mjini ni hivyohivyo, dalali anakwambia "ishirini kwa ishirini" na anaishia hapo. Ishirini nini? Mita 20 kwa 20 ni skwea mita 400. Hatua 20 kwa 20 za sentimita 75 ni mita 15 kwa 15, skwea mita 225 tu. Mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa, tepu itoke mfukoni, na mshazari upimwe: kwa 20 kwa 20 iliyo mraba mshazari ni mita 28.28.

Kwa wanaonunua Kenya, kiwanja maarufu ni "fifti kwa handredi", futi 50 kwa 100, na watu wanakiita moja ya nane ya eka. Sio moja ya nane. Ni skwea futi 5,000, moja ya nane ni 5,445, pungufu ni skwea futi 445, sawa na skwea mita 41, yaani nafasi ya vyumba vitatu. Kwenye hati utakuta hekta, futi 50 kwa 100 inatoka 0.0465, ukiona imepungua sana chini ya hapo uliza kabla ya kulipa.

6. Dukani

*Nondo.* Majina ya zamani na ya sasa yanaenda hivi: nusu inchi ni milimita 12, nusu na thumuni, yaani 5/8, ni milimita 16, na 3/8 ni milimita 10. Kwa hesabu kamili nusu inchi ni 12.7, ila inayouzwa ni 12 na injinia amepiga hesabu ya 12, kwa hiyo sawa. Kinachouma ni ile inayoitwa 12 na haifiki 12. Ikiwa 11, chuma kimepungua kwa asilimia 16. Huwezi kuiona kwa macho, ipime kwenye mizani: zidisha milimita kwa yenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya 12 yenye urefu wa mita 12 iwe kama kilo 10.7, ya 10 kilo 7.4, ya 16 kilo 19. Pima na urefu pia, mita 12 ni futi 39 na inchi 4 na ushee, watu wanasema futi 40.

*Bati.* Geji inaenda kinyume, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Kwa jedwali la Kiingereza geji 28 ni milimita 0.376 na geji 30 ni 0.315, na kuna majedwali mengine yanayotoa unene tofauti kwa geji ileile, ndo maana uulize milimita, na risiti iandikwe milimita. Tembea na kile kipimo kidogo cha maikromita au muombe fundi wa gereji akuazime.

*Tofali.* La inchi 6 kikawaida ni 18 kwa 9 kwa 6, yaani sentimita 45.7 kwa 22.9 kwa 15.2. Ukiweka na udongo wa katikati zinaingia kama 9 kwa skwea mita, nunua 10 kwa ajili ya kuvunjika. Lakini pima kibao cha anayekufyatulia, maana urefu ukikatwa mpaka inchi 16 unahitaji tofali 12 zaidi kwa kila 100, na bei ya moja ulishakubali.

*Bomba.* Chuma linaitwa kwa nafasi ya ndani ya enzi zile, plastiki linaitwa kwa kipenyo cha nje. Kariri tu: PPR (bomba la plastiki la maji) ya milimita 20 inaenda na nusu inchi, 25 na robo tatu, 32 na inchi moja. La choo la inchi 4 ndo 110.

*Mbao.* Mbili kwa nne yetu iwe milimita 50 kwa 100, chukua tepu, msumeno unakula. Na kama ramani imetoka Marekani, mbili kwa nne yao ikishapigwa randa ni milimita 38 kwa 89 tu, kwa hiyo usilinganishe, mpe injinia wa hapa aipigie hesabu upya.

7. Tailizi na rangi

Kile chumba chetu cha skwea mita 12.44. Tailizi za 60 kwa 60, boksi la tailizi nne lina skwea mita 1.44. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, inakuwa 13.7, gawa kwa 1.44 ni 9.5, nunua maboksi 10, na yote yawe na namba moja ya uzalishaji maana rangi hutofautiana.

Rangi tunanunua "galoni" ambayo hapa ni kopo la lita 4. Galoni ya Mwingereza ni lita 4.55, ya Mmarekani ni 3.79, yetu sio ya yeyote kati yao. Kwa hiyo kopo lililotoka nje likiandikwa galoni, geuza usome lita pembeni kabla hujalinganisha bei, na fundi rangi akikwambia "galoni mbili zinatosha" muulize za lita ngapi.